Mtu wa Kaburi Sifuri

Shubra, Kairo
9 Machi 1978

Kwa Babu yangu, Rais Abdulradhi,

Assalamu alaykum. Nabusu mkono wako, na wa Bibi Zannuba naubusu mara mbili kwa sababu yeye hanigombezi. Mama hajambo isipokuwa goti. Anasema goti lake linajua baridi ya Kairo kuliko redio. Bado tunakaa ghorofa ya tano na lifti bado imekufa, kwa hiyo goti lina haki. Ngano mliyotuma ilifika salama. Ule mkate wa jua, wa kuumukia juani, ulifika na kuvu, maana dereva alikaa nao siku tatu Asyut kwa shughuli zake. Tuliukwangua tukaula.

Uliniuliza kama kazi ya ghala la mambo ya kale ni kazi ya heshima. Babu, ni kazi ya kinyaa. Tuko chini ya ardhi, panya wamekojolea kumbukumbu za miaka themanini, na Daktari Wagdi, mkuu wetu, hushuka mara moja kwa mwezi akiwa ameziba pua kwa leso yenye marashi. Mimi na mwenzangu mmoja ndio tunaofungua masanduku. Unafungua kasha la sigara unakuta vidole vya miguu vya mtu. Unafungua bati la biskuti unakuta kitoto kichanga kimeviringishwa katika gazeti la London. Wale Wazungu hawakuwa na haya hata chembe. Walikula biskuti, bati lilipokwisha wakatia maiti.

Lakini nimekutana na jambo litakalokuchekesha. Kuna fuvu moja maarufu ambalo vitabu vinaliita Mtu wa Kaburi Sifuri. Limetoka kwenye machimbo ya Bwana Tolhurst wako, Mzungu uliyekuwa rais wa wachimbaji wake, huyo uliyemtundika picha sebuleni juu ya redio. Kwa kuwa daftari linasema kaburi namba sifuri, wataalamu wameamua kwamba ni kaburi la kwanza kabisa, la kabla ya wafalme. Mmoja amempima pua. Mwingine amempima paji la uso akasema huyu hawezi kuwa wa damu yetu sisi tunaolima hapa, ni wa taifa bora lililotoweka. Wa tatu ameandika kurasa arobaini juu ya jino. Jino la mbele, la juu, limevunjika mshazari na kingo zake zimelainika, maana yake mwenyewe aliishi miaka mingi baada ya kulivunja. Bwana mkubwa anasema hiyo ilikuwa jando. Kuhani alikuwa akiwagonga vijana meno kwa jiwe takatifu. Amechora hata hilo jiwe.

Juzi niliinua pamba iliyomo sandukuni. Chini yake nikakuta karatasi ya penseli, mwandiko wa kwetu. Imeandikwa "Shimo", halafu kiduara. Nilicheka mpaka vumbi likanipalia. Mzungu akiona kiduara anasoma sifuri. Kwetu kiduara ni tano, na sifuri ni nukta tu, kila mtoto wa darasa la kwanza anajua! Maprofesa wamegombana zaidi ya miaka arobaini juu ya Kaburi Sifuri, kumbe ni shimo la tano na aliyenakili daftari hakujua kusoma tarakimu za wenye nchi.

Hata mwandiko unafanana na wako, hasa mkia wa herufi ya mwisho uliopinda kama ndoana. Niambie basi, Bwana Tolhurst alikuwa na shimo la tano? Mlitoa nini humo? Nikipata jibu nitasahihisha kabla katalogi haijaenda kuchapwa. Msomee Bibi naye acheke.

Mjukuu wako mwenye vumbi puani,
Rawiya


Qift
4 Aprili 1978

Kwa mjukuu wetu Rawiya binti Hilali,

Wa alaykumu salaam, wewe na mama yako na goti lake. Sisi tu wazima. Ngano inageuka rangi. Mbuzi wa Bibi yako amezaa pacha, mmoja kampa jina la waziri kwa sababu anakula asichopanda. Dereva wa mkate nimemtukana mbele ya baba yake. Bibi yako anasema umri unakwenda, uolewe. Mimi sisemi kitu, ila anachosema yeye nami nakiunga mkono.

Mwambie mama yako asitume tena dengu. Anajua sili. Tumewapa kuku.

Shimo la tano lilikuwapo. Halikuwa na kitu. Lilibomoka likafungwa.

Bwana Tolhurst usimcheke. Alikuwa mtu wa kazi. Alinifundisha kuushika mwiko wa mwashi kama kalamu, na kusimama pale udongo unapobadilika rangi kabla hujauharibu. Ni kweli hakutuandika. Hakuna aliyetuandika. Sisi watu wa Qift ndio tuliochimba nchi hii nzima, baba kwa mwana, kutoka Nubia mpaka pwani. Fungua kitabu chochote utakuta jina la Mzungu nje, na ndani utakuta "wafanyakazi". Wafanyakazi! Ngamia wake alimpa jina. Nimezeeka nikisubiri nione Abdulradhi limeandikwa mahali, hata chini kwa herufi ndogo. Hilo ndilo la kukasirikia, si kiduara.

Mafuvu ni mengi, shughulika na vyungu. Ile karatasi irudishe chini ya pamba. Penseli haina shahidi, watasema umeiandika mwenyewe. Bibi yako nimemsomea salamu. Habari za fuvu sikumsomea, alikuwa anakula.

Mungu akulinde na vumbi.
Babu yako,
Rais Abdulradhi


Shubra, Kairo
21 Aprili 1978

Kwa Babu yangu Rais Abdulradhi,

Assalamu alaykum. Nabusu mkono wako. Mama anakusalimu, na anasema dengu hatatuma tena. Hapa kumeanza upepo wa mchanga na nguo tulizofua zimerudi chafu kuliko zilivyokwenda.

Barua yako nilimsomea Mama kwa sauti tukinywa chai. Nilipofika "lilibomoka likafungwa" akaweka glasi chini. "Rawiya," akasema, "si ndilo hilo lililomuua babu yako Ghallab?" Mimi nilijua nduguyo, babu yangu wa damu na mume wa Bibi, alifukiwa kazini mwaka 1931, Baba yangu akiwa bado ananyonya. Sikujua shimo lina namba.

Mama akauliza, "Na hilo jino ni la upande gani?"

"La kushoto."

"Ya Rabi. Si la tunda la mkoma hilo?" Akanieleza kile ambacho Bibi Zannuba amemweleza mara mia: siku ya harusi yao Ghallab alijitia ubingwa mbele ya mashemeji, akang'ata tunda kavu la mkoma, gumu kama jiwe, jino likakatika mshazari, akaingia kwa bibi harusi ana damu mdomoni. Bibi alikuwa akimtania hivyo mpaka siku aliyokufa.

Babu, niliinuka nikaenda kuosha mikono. Nimelishika fuvu hilo kwa mikono yangu miwili. Nimelisugua meno kwa mswaki. Mwezi uliopita walikuja wanafunzi, mmoja akalivika kofia yake na wote wakacheka. Nami nilicheka. Najisikia kinyaa mpaka kwenye kucha, naosha mikono haiishi harufu ambayo najua haipo.

Sasa nisikilize. Tarehe kumi na mbili Septemba sanduku linapelekwa Ulaya kwenye maonyesho. Wamekwisha kutengeneza kabati la kioo na mahameli nyekundu. Kitu kilichoandikwa kuwa cha kale hakitoki ghalani, mtu akikitoa anafungwa, nami nitakuwa wa kwanza. Kitatoka tu kama shahidi aliye hai ataapa kwa maandishi kwamba si cha kale, aeleze ni cha nani na kilifikaje humo. Shahidi aliye hai ni wewe peke yako. Ulikuwapo. Ulimzika.

Niambie nimekosea, nitafurahi kuitwa mpumbavu. Kama sijakosea, andika, ili mtu huyu arudi kwa mke wake, ambaye kila Alhamisi anakwenda kaburini kugawa mkate na kusomewa Fatiha juu ya mwili usio na kichwa.

Rawiya


Qift
30 Juni 1978

Kwa Rawiya binti Hilali,

Wa alaykumu salaam. Barua yako ilifika, usiseme posta imeila. Tulikuwa na mavuno. Ngano imetoa vizuri kuliko mwaka jana, ila mashine ya kupura ilituharibikia siku nne na fundi wa Qena alikuja akiwa amekula bangi. Mwanangu Shahati amepata msichana wa tatu. Binamu zako wanakusalimu mmoja mmoja, na wote walioko uani wanakusalimu.

Niliisoma hapo uani, Bibi yako ameketi anachagua mawe kwenye ngano. Nikamwambia, "Rawiya anakusalimu, mama yake anakusalimu, goti ni vilevile, kuna upepo."

Akanitazama. "Hiyo karatasi imejaa pande zote mbili, shemeji. Yote hayo ni goti?"

"Mengine ni ya kazi."

"Kazi gani hiyo iliyokuvuruga rangi ya midomo?"

Nikamwambia jua. Akasema jua tumekaa nalo wote, akaendelea na mawe yake.

Nikujibu. Watu wangapi Misri hii wamevunjika jino? Nenda sokoni ukahesabu. Ghallab nilimzika mimi, kwa mikono yangu, kabla ya alasiri kwa sababu ya joto. Uso ulikuwa umeharibika kwa mawe, wanawake wakazuiwa wasione. Hiyo ndiyo huruma, na mimi ndiye niliyeamua. Bibi yako aligonga mlango mpaka mkono ukavimba, sikumfungulia. Mpaka leo hajanilaumu. Sasa wewe, msichana wa kusoma, unataka kumfukulia mambo hayo mama mzee?

Na ukija kushtakiwa kwa wizi wa mali ya kale, nani atakutoa? Waache wasafiri na fuvu lao.

Unaniambia niandike, niweke jina langu. Mimi jina langu nililitaka kwenye vitabu, Rawiya, lakini si hapo.

Usiniandikie tena jambo hili. Niandikie habari za nyumbani.

Rais Abdulradhi


Shubra, Kairo
12 Julai 1978

Babu,

Goti la Mama ni lilelile. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Umeandika "lakini si hapo". Nimeusoma mstari huo mpaka nimeukariri. Halafu nikaenda kwenye kasha la makaratasi ya Tolhurst, ambalo hakuna aliyelifungua kwa sababu ndilo panya walilolipenda. Kuna daftari la kila siku. Nakutafsiria ya tarehe 25 Machi 1931, sijaongeza wala kupunguza:

"Leo nimempoteza msimamizi wangu bora. Vilevile nimepata kichwa bora kuliko vyote nilivyopima katika nchi hii. Ndugu yake, A., hakupinga. Aliniandikia kibandiko. Jumamosi A. atachukua nafasi ya nduguye."

Siku mbili mbele ameandika kwamba wamepata samaki mzuri.

Mzungu sina la kumwambia. Alikufa kwa homa mwaka uleule, uchafu wake ameondoka nao. Wa kwako ndio unaonihusu. Mkono ulioandika ile karatasi ndio mkono niliokuwa naubusu mwanzo wa kila barua. Sasa nikiufikiria natamani kutema mate. Nimetembea shule na chuo nikijigamba kwamba mimi ni mjukuu wa Rais Abdulradhi, mchimbaji mkubwa wa Qift, na kumbe urais wenyewe ulinunuliwa kwa kichwa cha babu yangu.

Ningemwandikia Bibi moja kwa moja, lakini msomaji wake ni wewe. Bila shaka ungemsomea goti. Kwa hiyo nakupa mpaka mwisho wa Ramadhani. Uandike ushahidi, na umwambie mwenyewe. Usipofanya hivyo nakuja Qift, nitamwambia mchana kweupe uani, na majirani watasikia.

Rawiya binti Hilali bin Ghallab


Qift
8 Agosti 1978, siku ya nne ya Ramadhani

Kwa Rawiya binti Hilali bin Ghallab,

Ramadhani njema kwako na kwa mama yako. Joto ni kali na mchana hauishi. Bibi yako anafunga, amekataa kabisa kuambiwa kwamba mzee ana ruhusa. Mbuzi wake mmoja amevunjika mguu.

Nilidhani nitaanza kwa mbali lakini sijui mbali ni wapi.

Ghallab alikuwa rais na mimi nilikuwa mchimbaji wake. Alinizidi jicho, alinizidi sauti, watu walimfuata. Nikikosea alinikosoa mbele ya wabeba vikapu. Nilimpenda na nilichoka naye, na usiniulize kipi kilikuwa kikubwa.

Shimo lilimwangukia asubuhi. Tulimtoa adhuhuri. Uso haukuharibika, Rawiya. Hilo nililidanganya siku ile na nimelidanganya kwako mwezi Juni. Kifua ndicho kilichopondeka. Uso ulikuwa na vumbi tu, ungefutika kwa kitambaa.

Bwana Tolhurst alilia, hilo siwezi kumnyima. Alikuwa amempima kichwa mara tatu kwa lile koleo lake la chuma, na kila mara alisema huyu ana kichwa cha sanamu za wafalme. Alipomaliza kulia akafuta miwani akaniambia, "Ardhini atakuwa chakula cha wadudu. Kwangu atakaa na wafalme." Akanywa maji. Kisha akasema, "Sijui nani ataongoza watu Jumamosi." Hakuyaunganisha hayo mawili. Niliyaunganisha mimi.

Ameandika kwamba sikupinga. Amenisitiri. Mimi ndiye niliyeshika mabega akikata.

Baadaye alikitia kwenye sufuria kubwa ya jikoni, ya dengu, nyama iachie. Mpishi hakujua kitu. Aliikuta sufuria imeachwa, akaisugua kwa mchanga, akapika kama kawaida, watu wakala. Nami nilikula, kwa sababu nisingekula wangeuliza. Sasa unajua habari za tumbo langu.

Watoto wangu wamekula kwa urais huo, na wajukuu. Picha yake imenitazama miaka yote hiyo na nimekuwa nikiifuta vumbi kila Ijumaa. Nimeishusha juzi. Usinisifu. Bibi yako aliuona ukuta mtupu akauliza, nikamwambia kioo kimepasuka. Nilidanganya nikiwa nimefunga.

Ndani ya bahasha utakuta ushahidi. Nimeuandika kwa mkono wangu, nimetia sahihi mbele ya karani wa mahakama na mashahidi wawili, na wote wawili hawajanisalimia tangu siku hiyo. Jina langu limo kamili, la baba na la babu. Wakitaka kulichapa walichape.

Bibi yako bado sijamwambia. Kila siku nasema nitamwambia baada ya futari. Baada ya futari nasema kesho.

Sijui nijiiteje hapa chini.
Abdulradhi


Shubra, Kairo
7 Septemba 1978

Kwa Abdulradhi,

Mama anakupa mkono wa Idi. Ni wake, si wangu.

Ujue yaliyotokea, kwa kuwa wewe uliyaona ya nje tu. Daktari Wagdi alisoma ushahidi wako na leso puani. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Sasa watu wa maonyesho nitawaambia nini? Mahameli imeshakatwa." La pili lilikuwa kuuliza kama kuna fuvu jingine lenye jino bovu. Nilimtazama mpaka akaona aibu, au akajifanya.

Kisha ikatafutwa fomu. Hakuna fomu ya kumrudisha mtu kwao. Ilipatikana fomu ya kufuta vitu visivyo na matumizi, ndiyo iliyotumika. Babu yangu ametoka kwenye mali ya serikali kati ya feni mbovu na ngazi iliyovunjika miguu. Kwenye nafasi ya "sababu" karani ameandika "imechakaa". Nimegonga muhuri mwenyewe, kwa sababu mwenye kazi hiyo alikuwa likizo.

Walisema lazima aje aliyetia sahihi. Jana ulipokuja nilikuona kutoka dirisha la juu. Umevaa kanzu mpya, una kikapu. Ulikaa kwenye benchi la wapagazi saa nzima ukitazama ngazi. Sikushuka. Ghallab nilimfunga mimi mwenyewe, kwa pamba nyeupe, gazeti nimekataa. Mwenzangu ndiye aliyekuletea. Nilimwagiza aseme sipo na najua hajui kudanganya, kwa hiyo ulijua nipo.

Alinitolea salamu zako. Alisema uliuliza kama ninakula vizuri. Wakati mwingine kinyaa kinanipungua na ninauona mgongo wako pale benchini, halafu naikumbuka sufuria.

Katika karatasi ya kupokelea hukuandika kama umemwambia Bibi. Mwambie kabla hujafungua kikapu. Asije akajua kwa macho kitu ulichokuwa na mdomo wa kukisema. Na uniandikie alichosema, chote, usinisomee goti.

Rawiya


Qift
15 Septemba 1978

Kwa Rawiya binti Hilali bin Ghallab,

Wa alaykumu salaam. Mama yako mrudishie mkono wa Idi. Tende zimeanza. Wote uani ni wazima, ila Shahati ameacha kula nami, na mkewe hunitumia chakula kwa mtoto.

Nilipanda treni na kikapu nikakipakata. Ni safari ya saa kumi na mbili mpaka Qift. Jirani yangu, mtu wa Sohag, alinitania njia nzima. "Hajji, umebeba mayai?" Nikasema ndiyo. "Basi kaa vizuri, usituangulie vifaranga." Behewa zima likacheka na mimi nikacheka nao, mikono juu ya kifuniko.

Nilifika asubuhi. Bibi yako alikuwa uani anakanda unga. Nilikiweka kikapu chini, nikamwambia kabla sijakifungua, ingawa barua yako ya kuniagiza hivyo ilikuwa bado njiani. Nilimwambia yote, uso ambao haukuharibika, mabega, sufuria, Jumamosi. Nilisema nimesimama kwa sababu hakuniambia niketi. Aliendelea kukanda mpaka nikamaliza. Hakulia wala hakunipiga. Ningeshukuru kama angenipiga.

Akakwangua unga mikononi. Akaniuliza, "Ulimwosha wewe?"

"Mimi."

"Kabla au baada?"

Nikatazama kikapu.

"Nimekuuliza, Abdulradhi. Ulimwosha kabla au baada?"

Zaidi ya miaka arobaini na saba ameniita shemeji, hiyo ndiyo mara ya kwanza ananiita jina. Nikasema, "Baada."

"Kwa hiyo kichwa hakijaoshwa."

"Hakijaoshwa."

Akakivuta kikapu kwake, akaifungua pamba yako taratibu, tabaka kwa tabaka. Akatazama sana. Akapitisha kidole gumba kwenye paji la uso, pale walipopima wale wote. Kisha akasema, na si mimi aliyekuwa akiniambia, "Umechelewa, baba Hilali."

Akainuka akaleta beseni, akakunja mikono ya gauni. Mtungi ulikuwa umejaa na yeye ni mzee, nikauinua nimmiminie maji. Akauchukua kutoka mikononi mwangu.

"Toka nje," akasema. "Namwosha mume wangu."

Nikatoka, nikakaa barabarani mpaka waliponiita wachimbaji kaburi kuuliza ni kaburi lipi, nikawaonyesha kwa mbali.

Abdulradhi